Mwaka Mzima na Bwana Msa, Willy Gamba na Wenzao

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Umewahi kukesha na hadithi ya mauaji, umeme umekatika, mshumaa umebaki kidole kimoja, ukafika pale kachero anapojiandaa kumtaja muuaji, ukafunua ukurasa, ukakutana na jalada? Kurasa za mwisho hakuna. Zimekwenda.

Mimi yalinikuta, Januari ya mwaka jana. Nilikuwa nimenunua Simu ya Kifo, riwaya ya Faraji Katalambulla, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba chini, maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Mshikaji alitaka elfu tano. Tukavutana mpaka elfu mbili na nusu kwa sababu jalada lilikuwa limechoka. Nikaondoka nimejiona mjanja wa mjini. Usiku ule ndio nikajua nani mjanja.

Kesho yake nikarudi. "Kaka, hiki kitabu hakina mwisho."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Sasa wewe kwa elfu mbili na nusu ulitaka na mwisho?"

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Kisha akanieleza kwa upole kwamba vitabu vingi vya zamani vinamfikia hivyo hivyo. Vimekaa stoo miaka, panya wamekula, watoto wamechana, na kurasa nyingine zimefungia karanga. Nikamuuliza mwisho nitaupata wapi. Akasema, "Tafuta mzee aliyekisoma."

Alisema kwa utani, lakini mimi nikafanya kweli. Mtaani kwetu yupo mzee mmoja aliyestaafu zamani, jioni hukaa barazani na redio yake. Nikamwendea. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamwonyesha kitabu. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akacheka peke yake. "Hiki tulikisoma mwaka 1968, tuko darasa la nane. Nakala moja, watu kumi na wanne. Kila mmoja alipewa usiku mmoja, na asubuhi lazima kikabidhiwe kwa anayefuata. Ukichelewa, unapigwa."

Jioni ile alinisimulia mwisho wote, kuanzia magharibi mpaka isha. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado anajua nani alisimama wapi na nani alisema nini. Mwisho wenyewe sitakutobolea, uhondo wa ngoma uingie ucheze. Ila nilipoinuka kuaga, mzee akaniambia neno lililonigharimu mwaka mzima. "Umeanzia katikati, mwanangu. Ungeanza na Bwana Msa."

Nikanunua daftari la kaunta buku, nikaandika juu yake "Makachero na Vijana", nikaamua kwamba mwaka huo nitasoma riwaya za upelelezi na riwaya za ujana za Kiswahili tu, kwa mpangilio wa kuzaliwa kwake. Haya unayosoma yametoka kwenye daftari hilo.

Kabla ya Bwana Msa

Tukubaliane kwanza kwamba hadithi ya kikachero hatukuizua sisi. Mmarekani Edgar Allan Poe alitoa mwaka 1841 hadithi ya mauaji ya Paris, iliyofumbuliwa na bwana mmoja mwenye akili kali aitwaye Dupin. Mwaka 1887 daktari Arthur Conan Doyle, mzaliwa wa Edinburgh, akamleta duniani Sherlock Holmes pamoja na rafikiye Watson. Kanuni zikakaa sawa hapo. Kuna maiti, kuna mtu anayeona yale tusiyoyaona, na kuna rafiki asiyeona kitu, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali tunayotaka kuuliza sisi wasomaji.

Huku kwetu, vijana waliobahatika kwenda shule enzi za mkoloni walionja riwaya za vituko kupitia tafsiri. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Rider Haggard iliyotiwa katika Kiswahili na Frederick Johnson. Mwaka huo huo ikaja Kisiwa chenye Hazina, ile ya Robert Louis Stevenson. Nilisoma ile ya Haggard kama utangulizi wa mwaka wangu. Kiswahili chake kizuri, na vituko vipo vya kutosha. Lakini ni safari ya Wazungu watatu wanaokuja kumtafuta ndugu aliyepotea na almasi zilizofichwa, na Mwafrika mwenye nafasi kubwa humo, Umbopa, anaingia hadithini kama mtumishi. Maneno yalikuwa yetu, lakini macho yaliyokuwa yakiitazama nchi hayakuwa yetu.

Kwa karibu miaka thelathini kijana wa Kiswahili aliyetaka hadithi ya kumpandisha roho alikuwa na mambo ya namna hiyo. Wakati huo huo Shaaban Robert alikuwa anaandika Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), vitabu vyenye adili tele, lakini si vitabu vya kusomwa chini ya dawati mwalimu akiandika ubaoni.

Mkaguzi wa afya anashinda shindano

Hapa ndipo nataka vijana wenzangu mnaoandika mnisikilize. Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi. Mwaka 1957 na 1958 shirika hilo likaendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili. Aliyeshika nafasi ya kwanza ni Mzanzibari mmoja, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918. Kabla ya kuingia kwenye magazeti, bwana huyu alikuwa mkaguzi wa afya. Hadithi aliyopeleka ni Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa kuwa kitabu mwaka 1960.

Mimi nikisoma kitabu kile namwona mkaguzi wa afya kila ukurasa. Huyo ni mtu aliyezoea kuingia uani kwa watu, kuchungulia kisima na kuuliza maji machafu yanakwenda wapi. Hatishwi na sebule nzuri, maana anajua kuna uani.

Kachero wake ni Bwana Msa. Ukitazama vizuri, herufi za jina hilo ni za mwandishi mwenyewe: Muhammed Said Abdulla. Si polisi. Ni raia tu, kiko mdomoni, mwenye maneno ya methali na muda wa kufikiri. Pembeni yake yuko Najum, ambaye ndiye Watson wetu. Sherlock Holmes yumo humo, wala mwandishi hakuficha. Ila Holmes aliyepanda jahazi akashuka Unguja hakubaki vile vile.

Katika Mzimu, bwana mmoja aitwaye Ali Bomani anakutwa amekufa kwenye mzimu, pahala watu wanapoogopa. Sasa fikiri: kwa watu wa mtaa, jibu lipo tayari. Wazee wa kale wamekasirika, basi. Bwana Msa hasimami kuwacheka watu wala kuwatukana imani zao. Anachofanya ni kuuliza swali moja dogo, kisha lingine, mpaka inabainika kwamba mkono uliofanya kazi ile una damu na nyama. Mzimu ulitumika kama pazia tu.

Nikaendelea na Kisima cha Giningi (1968). Giningi, kwa asiyejua, ni mji wa wachawi katika masimulizi ya Pemba. Mchezo ni ule ule: jina linalotia baridi mgongoni, halafu akili inayowasha taa. Nikapata pia Siri ya Sifuri (1974), nakala ya kuazima, siku tatu tu. Kwenye daftari niliandika hivi: "Kila ukifukua mauaji kwa Bwana Msa unakuta nasaba. Nani mtoto wa nani? Nani alizaa na nani akaficha? Nani anastahili kurithi?" Holmes anatazama majivu ya sigara. Bwana Msa anatazama ukoo. Katika mji ambao watu wamechanganyika kwa karne nyingi, wakiwemo waliotoka ng'ambo, waliokuja kwa jahazi na waliokuwa watumwa wa watu, swali la nani mtoto wa nani lilikuwa linaulizwa kwenye kila baraza kwa sauti ya chini. Mwandishi alilichukua pale barazani akalitia katika kitabu.

Kuanzia hapo nikawa na kipimo. Kila kitabu nilichofungua, nilijiuliza: huyu kachero ameazima swali lake kwa watu wa mtaa gani?

Simu inalia mjini

Simu ya Kifo ilitoka mwaka 1965, na ikachapwa tena na tena. Kwa Katalambulla hakuna mzimu wala baraza la wazee. Kuna Dar es Salaam na kuna Inspekta Wingo, mtu wa polisi, mwenye kazi yake na cheo chake. Nchi imepata uhuru mwaka 1961, mji unajaa watu waliotoka mikoani, na jirani yako hujui baba yake ni nani wala yeye mwenyewe anafanya kazi gani.

Niliporudi kwa mzee barazani kumuuliza kwa nini kitabu kile kiliwatia wazimu, hakuzungumzia mauaji. Alizungumzia simu. "Sisi simu tuliiona ofisini kwa mkubwa, iko juu ya meza, imefunikwa kitambaa. Leo mtu anakwambia sauti inaweza kutoka mle ikakuitia kifo, na mwenye sauti humwoni! Tuliogopa ile simu, mwanangu, kuliko bastola." Nikaelewa. Swali la mtaa mwaka 1965 lilikuwa hili: katika mji huu mpya, nitamjuaje mtu ambaye simwoni uso? Leo kila mmoja wetu ana simu mfukoni na anatapeliwa kwa sauti asiyoijua. Usiniambie kitabu kimezeeka.

Baada ya Katalambulla mlango ulifunguka. John Simbamwene akaja na Mwisho wa Mapenzi (1971) na Kwa Sababu ya Pesa (1972), Edi Ganzel na Ndoto ya Mwendawazimu (1972), baadaye Hammie Rajab na Ufunguo wa Bandia (1979). Na wasomaji walikuwapo. Tanzania ilikuwa imekikalisha Kiswahili kwenye kazi za serikali, watu wazima walikuwa wanafundishwa kusoma kwa maelfu, na kuanzia mwaka 1977 elimu ya msingi ikawa ya wote. Anayejua kusoma hawezi kushinda anasoma hotuba na vitabu vya kilimo tu, lazima atafute na cha kumstarehesha.

Walimu na wahakiki hawakufurahi. Wakaviita fasihi pendwa, na wengine wakaviita majina mabaya zaidi. Vitabu vya darasani vilikuwa upande mmoja, hivi vikawa upande wa pili, chini ya dawati.

Willy Gamba na bomu ndani ya kitabu

Mwezi wa Mei ulikuwa wa Aristablus Elvis Musiba. Nikiri hapa: nilikuwa namdharau. Nilishasikia Willy Gamba ni James Bond wa kuiga, suti, bastola, magari na warembo. Nikafungua Kufa na Kupona (1974) huku nimekunja uso.

Bwana wee! Nilikiweka chini saa tisa usiku.

Kisa chenyewe ni kwamba nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi zimeibwa Dar es Salaam, na Willy Gamba anatumwa kuzifuata, kazi inayompeleka hadi Nairobi. Sasa kijana wa leo anaweza kudhani Kamati ya Ukombozi ni kitu cha kubuni. Si cha kubuni. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa mwaka 1963, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam, ikakaa hapo hadi mwaka 1994 kazi ilipokwisha. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Zimbabwe na kwingineko walikuwa na ofisi zao katika mji huu, wakipanda mabasi haya haya na kula kwenye migahawa yetu.

Na maadui walikuwa wa kweli. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa kifurushi cha bomu. Bomu lenyewe lilikuwa limefichwa ndani ya kitabu. Rudia hapo, ndugu mwandishi: ndani ya kitabu. Hakuna kijana wa mji ule ambaye hakuisikia habari ile. Kwa hiyo Musiba alipoandika, miaka mitano baadaye, kwamba kuna jasusi anayezunguka mjini kuwinda siri za wapigania uhuru, hakuwa anamwiga Bond peke yake. Alikuwa anauliza swali lililokuwa linaulizwa kwenye foleni ya basi: kati yetu hapa, nani ni wetu na nani ametumwa?

Kikosi cha Kisasi (1979) kinampeleka Willy Gamba Kinshasa kupambana na wauaji wa Makaburu. Humo kachero amekuwa mtu wa Afrika nzima. Nilicheka peke yangu kwa namna jamaa anavyowapiga watu kumi peke yake na suti haikunjiki. Udhaifu upo, na niliuandika kwenye daftari: maadui wa Musiba ni wabaya tangu wanapozaliwa mpaka wanapokufa, na Willy hakosei kamwe. Lakini nikakumbuka kwamba kitabu kilikuwa kinasomwa na watu ambao kwenye habari za kila siku walimwona Kaburu akishinda. Walihitaji mahali ambapo anashindwa. Musiba alifariki mwaka 2010, akiwa ameishi na kuona Afrika Kusini ikipiga kura mwaka 1994.

Joram Kiango asiye na bosi

Ben Mtobwa alizaliwa Kigoma mwaka 1958, na kachero wake Joram Kiango ndiye kipenzi cha washikaji wengi niliowauliza. Willy Gamba anaitwa ofisini, anapewa faili, anapanda ndege. Joram ni mpelelezi wa kujitegemea. Hana bosi, wakubwa wenyewe hawana hakika naye, na kwa muda wasomaji nao hatuna hakika naye. Pamoja naye yuko Nuru, mrembo ambaye angalau anafikiri. Nilisoma Salamu Toka Kuzimu, kisha Tutarudi na Roho Zetu?, ambayo adui wake tena ni Kaburu, lakini hali ya moyo imebadilika.

Imebadilika kwa sababu nchi ilikuwa imebadilika. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na lile Shirika la Vitabu likafa pamoja nayo. Sukari foleni, sabuni foleni, karatasi hakuna. Mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, watu wakatupa mali usiku kwa kuogopa kukamatwa nazo. Katika miaka hiyo swali la mtaa halikuwa tena "nani ametumwa na adui?" Lilikuwa "hawa wanaotuongoza, wao wenyewe wako upande gani?" Kachero mwenye bosi asingeweza kulijibu. Ndiyo maana Joram hana bosi.

Na Mtobwa mwenyewe akaja kufanya kama kachero wake. Alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na mwaka 1990 ikatoa Dar es Salaam Usiku. Hicho si kitabu cha Joram, ni cha mji wenyewe baada ya jua kuzama. Mtobwa alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka hamsini tu.

Dada yangu anauliza swali

Hapo ilikuwa Septemba na mimi nimelewa ukachero. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, alikuwa ananiazima vitabu kimyakimya. Siku moja akanirudishia kitabu kimoja cha kikachero, akasema, "Kaka, mbona humu wasichana wote wazuri, na wote au wanalala na kachero au wanakufa?"

Nilitaka kumjibu. Nikafungua mdomo. Nikakosa jibu. Nikalipitia daftari langu lote: maiti za wanawake zipo, vishawishi vipo, makatibu muhtasi wapo. Msichana mwenye swali lake mwenyewe, akalifuata mpaka mwisho, sikumpata. Ni kosa la wale wazee, na ni kosa langu pia, maana miezi minane nilipita juu yake bila kujikwaa.

Kwa hiyo Oktoba nilihamia riwaya za ujana, na mdogo wangu ndiye aliyechagua. Tulianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe, baba yake Zakaria ni mlevi na mkali, anamfungia binti kama kuku wa kutagia. Anapokwenda masomoni mbali na nyumbani, hajui afanye nini na uhuru alioupata ghafla. Tunajua tangu mapema kwamba atapotea. Hakuna kachero humo, lakini ni kitabu cha upelelezi kuliko vingi nilivyosoma, maana unapofika mwisho unabaki na maiti ya msichana na unalazimika kuuliza nani amemuua. Baba? Walimu? Wanaume waliomtumia? Sisi tuliokuwa tunasengenya? Kwa muda kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni. Mtu aliyeshika ukweli huwa anaambiwa ana lugha chafu.

Mdogo wangu alikisoma kwa siku mbili, akakaa kimya siku ya tatu. Kisha akaniambia, "Huyu ndiye aliyepaswa kupewa Bwana Msa."

Novemba tukasoma Siku Njema ya Mkenya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na ikaja kusomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya. Kongowea Mswahili ni kijana wa Tanga, mama yake ni mwimbaji wa taarabu, na baba yake hamjui. Mama anapofariki, kijana anateseka kwa ndugu, kisha anashika njia kwenda Kenya kumtafuta baba, safari inayomfikisha Kitale. Hana bastola. Silaha yake ni Kiswahili chake, maana tangu shule alikuwa bingwa wa insha. Mimi niliyekuwa bingwa wa insha na sina kitu kingine, nilisoma nikifuta macho.

Halafu nikashituka. Swali la Kongowea ni "mimi ni mtoto wa nani?" Ni lile lile la Bwana Msa! Nilikuwa nimezunguka kutoka Unguja ya mwaka 1960, nikapita Dar, Nairobi na Kinshasa, nikarudi pale pale nilipoanzia. Tofauti ni kwamba kwa Bwana Msa swali hilo linaulizwa na mtu mzima mwenye kiko anayewachunguza wengine. Kwa Walibora linaulizwa na mtoto mwenyewe, kwa mdomo wake. Mwaka 2020 ulituchukulia wote wawili, Kezilahabi mwezi Januari na Walibora mwezi Aprili.

Hesabu ya mwaka

Desemba nililifunga daftari. Ukiniuliza kitabu bora cha upelelezi, nasema Mzimu wa Watu wa Kale, na sibishani. Cha kukufanya usilale ni Kufa na Kupona. Cha ujana ni Siku Njema. Cha kukuumiza kwa faida yako ni Rosa Mistika.

Lakini nina deni moja la kukiri kabla sijaweka kalamu. Mimi nami nina mswada. Uko chini ya godoro, kurasa tisini. Kachero wangu anaitwa Jack, anaishi New York, anaendesha gari jeusi na anakunywa wiski. Mimi New York sijafika. Wiski nimeinusa tu. Nilimwandika Jack kwa sababu nilidhani kachero wa kweli anatoka huko. Sasa nimesoma jinsi bwana mmoja wa Makunduchi alivyomchukua Holmes, akamvua koti, akampa kiko na methali, akamtuma kuuliza mambo ya ukoo. Jack wangu hajawahi kuuliza kitu ambacho mtu yeyote wa mtaani kwetu anataka kujua.

Na mtaani kwetu maswali hayajaisha. Nani amepiga simu akamtapeli mama muuza mboga akiba yake yote? Kiwanja kile cha shule kimeuzwa lini na aliyesaini ni nani? Yule binti wa nyumba ya tatu, aliyekuwa anafanya kazi za ndani, amekwenda wapi ghafla, na mbona hakuna anayeuliza? Mdogo wangu anasema swali hilo la tatu ni lake, nisiliguse. Ameshaanza kuandika, na kachero wake ni msichana wa kidato cha tatu. Nimekubali. Jack nimemzika.

Na kile kitabu kilichokatika? Nilirudi barazani kwa mzee na karatasi. Nikamwomba anisimulie tena mwisho wa Simu ya Kifo, polepole, nami nikaandika kwa mkono. Haukutoka sawasawa na ule wa mara ya kwanza, tukacheka, tukabishana, mwishoni tukakubaliana. Karatasi zile nimezibandika kwa gundi nyuma ya kitabu, na juu yake nimeandika kwamba haya ni kama alivyokumbuka msomaji. Sasa kitabu kiko mikononi mwa watu. Kila mmoja usiku mmoja, asubuhi anakikabidhi kwa anayefuata. Wewe ukipata nakala nzima yenye mwisho wa Katalambulla mwenyewe, nitafute. Mzee anataka kujua kama alipatia.